Ua la mpungate linapendeza, ila kipande chake usikibebe

Kila Aprili na Mei, majira ya kuchipua yakifika Arizona na Mexico, picha za mipungate (aina ya kaktasi) iliyochanua jangwani husambaa kwenye simu, na hapa Nakuru tunaanza kuulizwa miche inapatikana wapi. Tunaelewa. Ua lile la manjano ni zuri kweli: petali tele, na ukiligusa katikati kwa kidole, stameni, yaani vijiti vyembamba vyenye chavua, hujikunja kuelekea ndani. Aghalabu halimalizi siku mbili.

Lakini kule ndiko kwao, na wapo wadudu wanaoutafuna. Huku uliletwa bila wadudu hao. Waulizeni wafugaji wa Laikipia, ambako mipungate iliyopandwa kuwa uzio enzi za ukoloni imemeza malisho. Nyani na tembo hula matunda na kueneza mbegu. Mbuzi akiyala, vijimiba laini humganda midomoni na kwenye ulimi hadi ashindwe kula.

Na jamani, kuukatakata kwa panga si kuuangamiza. Hili tumelisema sana. Kila kipande kinachobaki ardhini huota mizizi. Ng'oa na shina lake kabla matunda hayajaiva, tumia koleo na glavu za ngozi, kusanya vipande vyote juu ya turubai, kisha vizike kwenye shimo refu. Usivitupe mtoni wala kando ya barabara.

Anayetaka kuagiza mche kutoka nje aanzie KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa kabla mzigo haujasafirishwa, si baada ya kufika. Nchi mche unakotoka nayo hutoa cheti cha afya ya mimea, kisha mzigo hukaguliwa mpakani. Kipande kilichofichwa kwenye begi ni mzigo vilevile chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mimea, Sura ya 324: kinaweza kutwaliwa na kuteketezwa, na mwenyewe akashtakiwa. Kusema "ni ua tu" hakubadilishi chochote.

Jambo la mwisho, nalo linatuumiza: wapo wanaokata euforbia wakidhani ni kaktasi. Euforbia kubwa za msitu ulio kando ya Ziwa Nakuru ni mimea ya asili yetu. Euforbia ikichubuka hutoa utomvu mweupe mithili ya maziwa, ambao ni hatari kwa macho. Mpungate hauna utomvu huo. Ukiwa na shaka, usiguse panga. Piga picha ya shina na ua, umwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako.