Oasis, Morning Glory na santuri yake: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Jamani kuna maneno yanazunguka kuhusu hii albamu ya pili ya Oasis, bendi ya rock ya Uingereza, mpaka yanachosha, na tangu wale ndugu wawili wa bendi, Noel Gallagher na mwimbaji Liam, wapatane wakarudi jukwaani Julai 2025 kule Cardiff ndo yamezidi kabisa, maana kila mtu sa hivi anaitafuta kwenye santuri na wauzaji nao wanaongeza chumvi ili bei ipande. Mimi hii albamu naipenda sana, ndo maana inaniuma mtu akiuziwa hadithi badala ya muziki.

Tuanze na lile la kwamba ilisifiwa na wachambuzi wote toka siku ya kwanza. Si kweli. (What's the Story) Morning Glory? ilitoka tarehe 2 Oktoba 1995 chini ya kampuni ya Creation Records, na magazeti mengi ya muziki Uingereza yaliipokea kwa ubaridi tu, wakasema mashairi mepesi, haifikii ile ya kwanza ya 1994, Definitely Maybe. Walioibeba ni wananchi, nakala kama 347,000 ziliondoka wiki ya kwanza Uingereza peke yake, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya BRIT, zile tuzo za muziki za Uingereza, ya albamu bora. Wachambuzi walifuata baadaye.

"Wonderwall ilikuwa namba moja." Hapana, kwao Uingereza iliishia namba mbili, ikazibwa na Robson & Jerome, waigizaji wawili wa tamthilia walioamua kuimba! Singo za albamu hii, yani nyimbo zilizouzwa moja moja, zilizofika namba moja ni mbili, Some Might Say na Don't Look Back in Anger, na hii ya pili wengi wanaamini anaimba Liam kumbe ni kaka yake Noel. Halafu lile la kwamba waliwapiga Blur, bendi pinzani ya Uingereza, kwenye ule mpambano wa Agosti 1995 walipotoa singo wiki moja: wiki ile Blur waliuza kama 274,000 na Oasis 216,000, kwahiyo singo walishindwa. Kwenye albamu ndo Oasis waliwaacha mbali, sana tu.

Sasa kava. Watu wanaapa kabisa kwamba wale wanaume wawili wanaopishana barabarani ni Liam na Noel. Sio. Mmoja ni DJ Sean Rowley na mwingine, yule aliyetupa mgongo, ni Brian Cannon, ambaye ndo mbunifu wa kava lenyewe, na mpiga picha ni Michael Spencer Jones. Mtaa ni Berwick Street, Soho, London, mtaa uliokuwa na sifa kwa maduka ya santuri, na picha imepigwa asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Na hapa ndo naona santuri inaizidi CD bila ubishi wowote, kwasababu kule nyuma pembeni ya barabara kuna mtu ameshika kitu amejifunika uso, yule ni prodyuza Owen Morris na alichoshika ni tepu ya masta, yani rekodi ya mwisho inayotolewa nakala, ya albamu hii hii. Kwenye kava la CD ni kidoa tu, kwenye la santuri la inchi 12 unamuona vizuri.

Kuhusu wapi ilirekodiwa, wengi wanasema Manchester kwasababu bendi ni ya Manchester. Ilirekodiwa Rockfield, studio iliyokuwa shamba karibu na Monmouth kule Wales. Ndo studio ile ile Queen walifanyia sehemu ya Bohemian Rhapsody mwaka 1975, yani mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury, alishapita pale miaka 20 kabla ya hawa. Na sio kwamba walikaa miezi na miezi wakigombana, ugomvi mkubwa ulitokea kweli, Noel na Liam walishikana vibaya usiku mmoja baada ya Liam kurudi na watu kutoka baa, ila kazi yenyewe ilienda haraka, ni wiki chache, karibu wimbo mmoja kwa siku. Mpiga dramu ni Alan White, yule wa mwanzo Tony McCarroll yupo kwenye Some Might Say tu. Na gitaa linalolia kwenye Champagne Supernova lina mkono wa mwanamuziki Paul Weller.

Haya, tuje kwenye lenyewe sasa, "santuri siku zote ina sauti bora kuliko CD". Kwa albamu hii inabidi uelewe kitu kimoja kwanza. Owen Morris aliibana sauti makusudi, kila kitu kikasukumwa juu, gitaa, dramu, sauti ya Liam, vyote vinakugonga kwa pamoja bila pumziko, mpaka leo watu wakizungumzia zile mbio za kufanya CD ziwe na kelele kuliko za jirani hii albamu lazima itajwe. Ukishabana hivyo kwenye miksi na masta, kuihamishia kwenye santuri hakuirudishi ilivyokuwa, hakuna sindano duniani inayoweza kufumua kitu kilichobanwa studio. Kinachobadilika ni kwamba fundi anayekata santuri hawezi kuweka sauti juu atakavyo, kwasababu sauti kubwa inahitaji mifereji mipana, ile inayochongwa kwenye santuri sindano ipite, na mifereji mipana inakula nafasi, kwahiyo ukisukuma sana na muda ni mrefu upande haukutoshi. Albamu ina dakika kama 50. Ndo maana iliwekwa kwenye santuri mbili, pande nne, na hii mtu asikwambie ni ujanja wa kukamua hela, ukizikandamiza dakika 25 za muziki mzito kama huu upande mmoja, fundi analazimika kuishusha sauti na kupunguza besi. Kwahiyo santuri yake inaweza kusikika tulivu kidogo masikioni, mimi naipenda hivyo, ila kelele ile ilikuwa makusudi na ipo kwenye santuri pia, ukitegemea ulaini utaumia.

"Santuri ya gramu 180 ndo sauti nzuri." Uzito ni uzito tu. Sauti inaamuliwa na masta iliyotumika, aliyekata, na kiwanda kilivyochapa. Sahani nyepesi iliyokatwa vizuri inaishinda nzito iliyokatwa vibaya, kila siku.

Na wale wanaosema nakala zao ni mbovu kwasababu Champagne Supernova mwishoni "s" za Liam zinakwaruza. Inawezekana ni nakala, lakini kabla hujamtukana aliyekuuzia angalia sindano yako. Sahani inazunguka kwa kasi ile ile mara 33 na kitu kwa dakika, ila duara linazidi kuwa dogo kadri unavyokwenda katikati, kwahiyo sekunde moja ya muziki inabanwa kwenye kipande kifupi zaidi, na sindano iliyochoka au iliyokaa upande inashindwa kufuata. Wimbo wa mwisho wa upande ndo unaumia.

Lingine, "nyimbo ni zile zile za CD". Santuri ya 1995 ina wimbo wa ziada, Bonehead's Bank Holiday, ambao ulipangwa aimbe mpiga gitaa Bonehead mwenyewe ila mwisho wa siku akaimba Noel. Na kuna mwingine, Step Out, uliondolewa dakika za mwisho kwasababu unafanana mno na Uptight wa Stevie Wonder, ukaja kutoka baadaye kama wimbo wa ziada kwenye singo.

Mwisho ni hili la "original" ambalo ndo linaliza watu hela. Ile ya 1995 ni ya Creation, namba yake ya katalogi CRELP 189. Matoleo ya kuanzia 2014 ni ya kampuni ya Big Brother na namba zao zinaanza na RKID, likiwemo la Oktoba 2025 la kutimiza miaka 30 ambalo limeongezewa nyimbo tano zilizofanyiwa miksi mpya ya akustiki. Yote halali, yote ni ya kusikiliza, ila bei si moja. Muuzaji akikutumia picha ya kava tu mwambie akupigie na uti wa kava, na lebo ya katikati, na ile sehemu tupu inayozunguka lebo ambapo namba huwa imechongwa, akikataa achana naye.