Mchemraba Una Kingo Ngapi? Kuhesabu Pande, Kingo na Nyuso

Mwanafunzi akiulizwa mchemraba una kingo ngapi, kisha akajibu 24, asikemewe. Ameona nyuso 6, kila uso ni mraba wenye pande 4, akazidisha. Kuzidisha hakukumshinda. Ila amehesabu pande za miraba 6 iliyotawanyika mezani, ilhali kwenye mchemraba miraba hiyo imeungana, na kila inapoungana miwili, pande mbili huwa ukingo mmoja. Gawa 24 kwa 2, upate 12.

Umbo bapa, yaani lile linalolala lote juu ya karatasi, halina mambo mengi. Upande ni kipande cha mstari kilicho mpakani mwake, na kipeo ni pale pande mbili zinapokutana. Pembetatu ina pande 3 na vipeo 3, pembesita 6 kwa 6. Duara halina upande ulionyooka wala kipeo.

Umbo lenye ujazo ndilo linalochanganya. Uso ni sehemu ya nje unayoweza kuipapasa kwa kiganja. Ukingo ni mstari ambapo nyuso mbili hukutana. Kipeo ni ncha ambapo kingo 3 au zaidi hukutana. Ukitaka kuhesabu kingo, usizifuate moja moja kwa kidole, maana utarudia au utaruka. Jumlisha pande za nyuso zote, kisha gawa kwa 2. Piramidi yenye kitako cha mraba ina pembetatu 4, ambazo ni pande 12, pamoja na pande 4 za kitako. Jumla ni 16, kwa hiyo kingo ni 8.

Asiyeamini achukue kisanduku cha karatasi chenye umbo la mchemraba, akikate kwenye kingo mpaka kilale bapa kikiwa kipande kimoja. Atakata kingo 7. Zilizobaki 5 zitakuwa mikunjo. Kila ukingo uliokatwa umeacha pande mbili, hivyo mzunguko wa kipande hicho una pande 14. Ongeza mikunjo 5, kila mmoja ukiunganisha pande mbili, na zile 24 zinatimia. Ziko namna 11 tofauti za kukilaza kisanduku hicho, na zote hutoa hesabu hiyohiyo.

Ipo pia njia ya kuhakiki. Mwaka 1750 mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alimwandikia Christian Goldbach barua akieleza kwamba vipeo ukitoa kingo, ukajumlisha nyuso, jibu ni 2. Mchemraba: 8 − 12 + 6 = 2. Hata mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe, tukiuchukulia kuwa na nyuso bapa, unatii. Una pembetano 12 na pembesita 20, yaani nyuso 32. Pande zake zote ni 60 na 120, jumla 180, hivyo kingo ni 90. Kila kipeo hukutanisha nyuso 3, kwa hiyo vipeo ni 180 ÷ 3 = 60. Na 60 − 90 + 32 ni 2.

Ubishi huanza kwenye silinda. Wengine husema haina ukingo, kwa kuwa wanakubali mstari ulionyooka tu. Wengine huhesabu kingo 2 za mviringo. Mimi naona mitihani ya watoto ingeliepuka swali hili, au itaje kwanza ufafanuzi inaoufuata. Ukikubali kingo 2 za mviringo na nyuso 3, bila kipeo chochote, kanuni ya Euler inakupa 1. Sasa chora mstari mmoja ubavuni, kutoka duara la juu hadi la chini. Umepata vipeo 2 na kingo 3, nyuso zikibaki 3, na jibu linarudi kuwa 2.