Maarifa ya kufundishia: kinachomtofautisha mwalimu wa msingi na mtu aliyesoma tu

Mtoto anaandika 52 – 17 = 45. Mhasibu akipita atasema amekosea, jibu ni 35, na hapo atakuwa amemaliza. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri haishii hapo. Anaona kwamba kila safu mtoto ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 7 toa 2, kisha 5 toa 1. Huenda aliwahi kuambiwa kuwa kubwa haitoki kwenye ndogo, akaishika kanuni hiyo kwa uaminifu wote. Kumpa hesabu ishirini za aina hiyohiyo kutamkomaza katika kosa. Anachohitaji ni mafungu ya vijiti kumikumi, afungue moja mwenyewe ndipo atoe.

Ujuzi huo una jina. Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, aliuandikia mwaka 1986; kwa Kiswahili tunaweza kuuita maarifa ya kufundishia somo. Unakaa kati ya kulijua somo lenyewe na kujua mbinu za jumla za kuongoza darasa: ni kujua wanafunzi hukwama wapi, kwa nini, na mfano gani utawakwamua.

Ndiyo maana siafiki ile kauli kwamba madarasa ya chini hayahitaji mwalimu mwenye kisomo kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Nyepesi kwa nani? Finland humtaka mwalimu wa darasa awe na shahada ya uzamili. Kwingine hutosha cheti au stashahada ya ualimu, na baada ya masomo hufuata usajili au leseni kwa utaratibu wa kila nchi.

Chuoni mwanafunzi husoma saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, upimaji, na masomo mengi kwa mpigo, maana mwalimu wa msingi mara nyingi hubeba karibu yote. Lakini maarifa haya hukomaa hasa kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa na daftari lake (kiti hicho kimewatoa jasho wengi). Andalio la somo la mwanagenzi huwa limejaa atakachosema yeye. Akishapevuka, andalio hilohilo huanza kuonyesha majibu yasiyo sahihi anayotarajia kuyasikia, na swali atakalouliza baada ya kila moja.