Swichi Ikigoma, Usikimbilie Kuizima

Mtandao ukikatika, anayefika wa kwanza kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa kebo, huchomoa umeme, husubiri kidogo, kisha huchomeka tena. Mara nyingine mtandao hurudi na kazi zikaendelea. Lakini swichi ikizimwa, hesabu ya makosa ya kila poti, yaani tundu la kuchomekea kebo, hufutika. Ikigoma tena kesho, fundi hana pa kuanzia. Ndiyo maana sisi wa TEHAMA tunaomba taa zake zitazamwe kwanza.

Taa ya poti ikiwa imezimika kabisa na kompyuta imewashwa, usihangaike na mipangilio ya kompyuta. Chomoa kebo ncha zote mbili, uirudishe mpaka usikie imebofya. Kile kiulimi cha plastiki kikishavunjika, kebo huonekana imeingia kumbe imelegea. Bado? Jaribu kebo nyingine ambayo una hakika ni nzima, na usiguse kitu kingine. Ukibadilisha kebo na poti kwa mpigo, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Kuhamia poti nyingine kwenye swichi inayosimamiwa, yaani ile ambayo kila poti yaweza kupangiwa mipangilio yake, muulize kwanza msimamizi: poti mbili zinazokaa jirani zinaweza kuwa za mitandao tofauti.

Kuna kebo nusu nzima, na hizi ndizo zinazotusumbua zaidi. Ndani ya kebo mna nyaya 8. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia nne tu, zile za pini (vijino vya metali kwenye ncha ya kebo) namba 1, 2, 3 na 6. Kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1,000, huzitaka zote. Uzi wa pini ya 4 ukikatika, mtumiaji huweza kubaki hewani kwa megabiti 100 na kulalamika kuwa intaneti ni nzito, wakati intaneti haina kosa. Pima urefu pia: kebo ya shaba isizidi mita 100.

Taa inawaka ila hakuna mawasiliano? Angalia anwani ya IP, namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuijibu. Kama wenzako wa swichi hiyohiyo wako sawa, huenda poti yako imepangiwa mtandao usio wake.

Taa zote zikipepesa kwa kasi na kila mtu amekatika, shuku kitanzi. Mtu ameona kebo inaning'inia, akaona bora aichomeke mahali, kumbe ncha ya pili tayari iko kwenye swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote huanza kuzunguka bila kikomo, na swichi nyingi za bei nafuu hazina kinga. Hapa kuzima na kuwasha hakusaidii, maana kitanzi kiko palepale. Chomoa kebo moja moja mpaka taa zitulie. Ile uliyoichomoa mwisho ndiyo ya kufuata hadi ncha yake ya pili, kabla ya kurudisha zilizobaki.