Sekunde 0.3 mara 25: hesabu inayowapotosha mashabiki wa MotoGP

Natengeneza pikipiki kubwa hapa Nairobi, na Jumapili ya mbio gereji hugeuka baraza. Mteja anakuja kuchukua pikipiki yake, anakuta SuperSport imewashwa, anavuta kiti. Napenda hivyo. Kinachonichosha ni hesabu moja ninayoletewa karibu kila wikendi, tena na watu makini wanaojua pikipiki: "Fundi, jana kwenye kwalifai jamaa kamzidi wa pili kwa sekunde 0.3. Mbio ni mizunguko 25. Zidisha uone. Anashinda kwa sekunde saba na nusu." Baada ya hapo mkeka unawekwa, wakati mwingine kwa pesa ya kodi ya nyumba, na Jumatatu naulizwa kama mbio zimepangwa.

Mbio hazijapangwa. Hesabu ndiyo mbovu, na ubovu wake unaonekana wazi ukiangalia muda wa kwalifai, yale majaribio ya Jumamosi ya kupanga nafasi za kuanzia, unapatikana vipi.

"Mwenye kasi Jumamosi ndiye mwenye kasi Jumapili"

Q2, kipindi cha mwisho cha kwalifai, ni dakika 15 tu. Mwendeshaji anatoka mara mbili hivi, kila mara amefungiwa tairi laini mpya ya nyuma, na mzunguko wake bora huwa ni wa kwanza au wa pili baada ya tairi kupata joto. Ukipita hapo, mshiko ule wa mwanzo haurudi tena. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye skrini inakuambia jambo moja: mtu huyu, kwa mpira mpya, na petroli kidogo, barabara ikiwa wazi mbele yake, anaweza kuzunguka mara moja kwa muda huu. Ni kipaji kikubwa na nakiheshimu. Lakini huwezi kukizidisha mara 25, kwa sababu mzunguko wa pili wa aina hiyo haupo, sembuse wa ishirini na tano.

Jumapili mambo ni mengine. Nyuma mara nyingi inafungwa tairi ya midiamu, ngumu kuliko ile laini. Tangi limejaa: kwa sheria za 2025 mbio ndefu ya Jumapili iliruhusiwa lita 22, ambazo ni kilo 16 hivi za petroli kwenye pikipiki ambayo uzito wake wa chini kabisa kisheria ni kilo 157. Kilo hizo zote zinaegemea gurudumu la mbele kila breki inaposhikwa. Wapo waendeshaji wanaopata muda wao kwa kuchelewa kushika breki, na hao ndio huteseka zaidi mizunguko ya mwanzo. Wapo pia wanaohangaika na tangi lililojaa halafu wanafunguka katikati ya mbio. Kwalifai haikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Sasa njoo kwenye tairi ya nyuma, maana hapo ndipo mbio nyingi huamuliwa. Kila pikipiki inakula mpira kwa namna yake. Kuna ambayo kasi yake yote inatokana na mshiko wa ukingo wa tairi ikiwa imelala kwenye kona. Ukimpa mwendeshaji hodari tairi laini mpya, pikipiki hiyo inapaa. Mshiko ukipungua, gurudumu linaanza kuzunguka bure wakati wa kutoka kona, linajichoma lenyewe, na kila mzunguko unaharibu ule unaofuata. Nyingine haing'ari kwa mzunguko mmoja, ila inasimama vizuri wakati wa breki na inatoka kona ikiwa wima, kwa hiyo tairi yake ya mzunguko wa 20 haina tofauti kubwa na ya mzunguko wa 8.

Ukitaka ushahidi, fuata msimu wa 2025 wa Fabio Quartararo na Yamaha yake. Aliongoza gridi, yaani alianza wa kwanza, kwenye viwanja vya Jerez, Le Mans na Silverstone mfululizo, kisha Assen. Jerez alimaliza wa pili, Alex Márquez akashinda. Le Mans mvua iliingia, akaanguka, na ushindi ukaenda kwa Johann Zarco wa Honda aliyeanza nafasi ya 11. Silverstone alikuwa akiongoza kwa mbali, kifaa cha kushusha sehemu ya nyuma ya pikipiki kikakwama, akaacha mbio. Assen alimaliza wa kumi. Mara hizo nne alianza wa kwanza, ushindi sufuri. Sababu ni tofauti, nakubali: Silverstone kasi ya mbio alikuwa nayo na chombo ndicho kilimkwamisha. Lakini mtu aliyezidisha muda wa Jumamosi kwa idadi ya mizunguko alipoteza mara zote nne, na hakuna hata mojawapo ya sababu hizo iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi ya kwalifai.

Basi tuangalie nini? Jibu langu ni lile lile miaka yote: mazoezi ya Jumamosi asubuhi, FP2. Kwa mbio nyingi za Ulaya, wakati wa kiangazi huko, yanaanza saa tano na dakika kumi asubuhi kwa saa zetu, nusu saa nzima, kabla tu ya Q1, kipindi cha kwanza cha kwalifai. Watu hawayatazami kwa sababu "hayana maana." Kweli hayahesabiki kwa kuingia Q2, kumi bora wanaopita moja kwa moja hupatikana kwenye mazoezi ya Ijumaa alasiri. Na hiyo ndiyo faida yake! Kwa kuwa hakuna anayefukuzia muda, timu nyingi zinafunga tairi iliyokwisha kutumika na kumwacha mwendeshaji azunguke mfululizo kwa mwendo wa mbio. MotoGP wenyewe hutoa karatasi ya kila mzunguko wa kila mwendeshaji, pamoja na aina ya tairi na kama ilikuwa mpya au imetumika. Ni bure. Unaifungua kwenye simu yako ukiwa kwenye matatu.

Ukiifungua, usikimbilie wastani. Chukua mfano wa kubuni, waendeshaji wawili, mizunguko mitano kila mmoja. Wa kwanza: 1:37.6, 1:37.7, 1:37.7, 1:38.1, 1:38.4. Wa pili: 1:37.9, 1:37.8, 1:37.9, 1:37.9, 1:38.0. Jumlisha ugawanye, wote wawili wanatoka 1:37.9. Lakini wa kwanza tairi yake imeanza kufa kwenye mzunguko wa nne, na bado kuna mizunguko 20 mbele. Wa pili amesimama pale pale. Kwenye kwalifai wa kwanza atampita wa pili bila shida, na magazeti yatamwita kipenzi cha mbio. Mimi namchukua wa pili, mradi tairi zao zilikuwa za aina moja na umri mmoja. Sharti hilo la mwisho usiliruke. Nimeona watu wakilinganisha tairi mpya na tairi yenye mizunguko 15 halafu wanashangaa.

Toa pia mizunguko aliyokuwa amemfuata mwenzake au amepunguza mwendo kusubiri nafasi. Ikibaki mitano ya mfululizo iliyo safi, una kitu mkononi.

"Kumbe gridi haina maana, wanapitana tu"

Kuna ambao wakishasikia hayo ya juu wanarukia upande wa pili. Wananitajia Brad Binder wa Afrika Kusini, Jerez 2016, aliyeanza wa mwisho akashinda. Ni kweli, na sisi Waafrika tuna haki ya kujivunia. Lakini hiyo ilikuwa Moto3, pikipiki ndogo zinazovutana kwa upepo kwenye nyoofu, kundi zima likiwa pamoja hadi mwisho. MotoGP ya leo ina mabawa mwili mzima, na ukiwa nyuma ya mwenzako unakula upepo uliovurugika na joto la injini yake. Aliyewahi kulifuata trela kwa karibu Mombasa Road akiwa kwenye pikipiki anajua kichwa kinavyotikiswa na joto linavyompiga kifuani. Kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, upepo huo unapunguza nguvu inayobana gurudumu la mbele, na tairi ya mbele inapata moto, presha inapanda, mshiko unaondoka. Mwenye kasi kubwa zaidi anaweza kukaa nyuma ya mtu mizunguko kumi bila kumpita.

Gridi hupangwa watatu kwa safu. Safu mbili za kwanza zina thamani halisi, kwa sababu zinakuepusha na joto hilo na vurugu za kona ya kwanza. Kwa hiyo mimi hutumia kwalifai kama chujio: nani ana mwendo mzuri wa mbio *na* ameanza ndani ya sita au saba za mbele? Jerez 2024 Marc Márquez alianza wa kwanza, Francesco Bagnaia wa saba. Bagnaia alishinda, Márquez wa pili. Nafasi ya saba ilikuwa karibu vya kutosha.

Viwanja navyo havifanani. Sachsenring, uwanja wa kona nyingi za kushoto na nyoofu fupi, Marc Márquez alianza wa kwanza na kushinda kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2019, kwenye madaraja matatu tofauti. Mteja mmoja hunitolea hiyo kama ushahidi kwamba kwalifai inatosha. Hapana. Inathibitisha kwamba Márquez akienda Sachsenring ana kila kitu: mzunguko mmoja, tairi, mwanzo, na mwisho.

"Nafasi ya 12 maana yake ni mzito"

Wakati mwingine maana yake ni bendera ya njano. Mtu akianguka mbele yako na bendera ikapeperushwa kwenye sehemu unayopita, muda wako unafutwa, hata kama ungekuwa bora kuliko wote. Ndani ya dakika 15 nafasi zenyewe ni mbili tatu. Kabla hujamdharau mtu wa safu ya nne, tazama kama alifutiwa mzunguko.

"Aliyeshinda sprinti ameshamaliza kazi"

Sprinti, mbio fupi ya Jumamosi iliyoanza 2023, ni nusu ya umbali, karibu wote wanatumia tairi laini nyuma, na petroli ni kidogo. Inakuonyesha nani anaanza vizuri na nani anaweza kupita. Nusu ya pili ya mbio, pale tairi inapoisha, haikuonyeshi. Austin 2023 Bagnaia alianza wa kwanza, akashinda sprinti, kisha Jumapili akaanguka akiwa anaongoza. Álex Rins akashinda na Honda. Na 2024 Bagnaia huyo huyo alishinda mbio ndefu 11, Jorge Martín tatu tu, lakini ubingwa ulikwenda kwa Martín kwa tofauti ya pointi 10. Kubashiri mbio moja na kubashiri msimu ni kazi mbili tofauti.

"Aliyevuka mstari wa kwanza au wa pili, ndivyo ilivyo"

Hili linawaumiza zaidi wanaochana mkeka mapema au kushangilia mapema. Presha ya tairi ya mbele ina kiwango cha chini, ambacho tangu 2024 ni bar 1.80, na kwenye mbio ndefu lazima uwe juu yake kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko. Ukikosa, unaongezewa sekunde 16. Kwenye sprinti, nane. Qatar 2025 Maverick Viñales alivuka mstari wa pili na KTM, akaongezewa sekunde hizo, akajikuta wa 14.

Presha hiyo inategemea nafasi yako barabarani, ndiyo maana inaingia hata kwenye ubashiri. Fundi anaijaza tairi ikiwa baridi, akikisia mwendeshaji wake atakuwa peke yake mbele au katikati ya kundi. Akikisia ataongoza, anaijaza zaidi, kwa sababu upepo safi utaipooza. Mwendeshaji akianza vibaya na kunaswa kwenye kundi, tairi hiyo inavimba na haishiki. Akikisia kundi na mtu akaongoza peke yake, presha haifiki. Buriram 2025 Marc Márquez, aliyekuwa ameanza wa kwanza na anaongoza, alipunguza mwendo akamwacha mdogo wake Alex apite, akakaa nyuma yake kwa mizunguko mingi ili joto lipandishe presha, kisha mwishoni akampita na kushinda. Pale gerejini watu walipiga kelele kwamba pikipiki imeharibika.

Kwa hiyo mbio zikiisha, subiri matokeo rasmi kabla ya kudai au kuchana chochote. Na Jumamosi inayofuata, saa tano na dakika kumi, fungua FP2.