Dawa ya Jino Bovu si Kung'oa Pekee

Msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa umezoeleka kiasi kwamba wagonjwa wengi hufika kliniki wakiwa wameshakata shauri, wakafungua kinywa na kuonyesha kwa kidole jino wanalotaka liondolewe. Ukweli ni kwamba kung'oa ni hatua ya mwisho, pale ambapo jino limekwisha kiasi cha kutobaki pa kushikilia matengenezo. Tundu ambalo halijafika kwenye kiini, yaani ile sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, huzibwa, tena mara nyingi kwa siku moja.

Wapo wanaoogopa kuziba kwa kuamini kwamba ni lazima jino litobolewe kwa mashine ile inayovuma. Sisi Watanzania tuna haki ya kujivunia jambo hili, kwa sababu njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme ilianzia hapa nchini katikati ya miaka ya 1980. Daktari hukwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo chenye makali, hujaza tundu kwa saruji ya glasi ayonoma, yaani kizibo cha meno kinachoganda chenyewe, kisha hupaka vaselini kwenye kidole chenye glavu na kuigandamiza saruji hiyo mpaka iingie kila upenyo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Saruji hiyo hushikamana na jino lenyewe na kutoa madini ya floraidi kidogo kidogo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile inayosema kwamba maumivu yakikoma jino limepona. Jino lililomkesheza mtu wiki nzima kisha likanyamaza lenyewe, kwa kawaida limenyamaza kwa sababu kiini chake kimekufa, ilhali bakteria wanaendelea kupenya kwenye mzizi hadi mfupani, na baada ya muda kijipu hutokeza kwenye fizi au shavu likavimba. Uvimbe huo ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Antibiotiki peke yake hutuliza tu, kwa kuwa chanzo kimebaki ndani ya jino. Hata hivyo jino la namna hiyo bado linaweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi, ambapo daktari hutoa kiini kilichokufa, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza, na jino likiwa gego hulivika kofia ili lisipasuke wakati wa kutafuna. Tiba hii hufanywa kwa ganzi, na wengi wanaoisimulia kwa hofu hukumbuka maumivu yaliyowapeleka hospitali, si ya tiba yenyewe.

Karafuu nayo ina sifa yake ya haki, kwani mafuta yake hutia ganzi kweli, na madaktari huyachanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Lakini karafuu iliyosokomezwa kwenye tundu haizibi tundu.

Kuhusu imani kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha macho, mshipa wa fahamu wa meno na ule wa kuona ni mishipa miwili tofauti kabisa.

Wazazi nao husema meno ya utotoni hayana haja ya kuzibwa kwa kuwa yatang'oka. Magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto afikishe miaka 10 hadi 12, na yakiondolewa mapema meno jirani husogea na kuziba nafasi ya jino la ukubwani.

Kwa mtu mzima pengo hufanya vivyo hivyo: meno ya pembeni hulala, na lile la taya ya pili linalotazamana na pengo huteremka au kupanda kulifuata. Kulijaza kunataka meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, au daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno jirani, ambalo hulazimu meno hayo yachongwe hata kama ni mazima, au kipandikizi cha metali ya titani kinachosubiri miezi kadhaa kishikane na mfupa. Anayechagua kung'oa kwa sababu ni rahisi kuliko kuziba anapaswa kuulizia bei ya hayo pia kabla hajaketi kwenye kiti.