38 kwa 38

Juzi chama kimoja cha wavuvi huku Likoni kiliniita nisimamie uchaguzi wao. Mimi ni wakili, na kila msimu wa uchaguzi nafunza makarani wa vituo, kwa hivyo nilijua adhuhuri itanikuta nyumbani. Ikafika zamu ya mweka hazina: 38 kwa 38. Tukahesabu upya, 38 kwa 38. Nikaomba katiba ya chama. Kurasa sita, na sare haikutajwa popote.

Mzee mmoja akasema, "Basi pigeni kura." Vijana wakaangua kicheko: si ndiyo tumeshapiga? Lakini mzee alikuwa sawa kuwashinda. Neno kura asili yake ni Kiarabu, qur'a, nayo ni ile ya kuokota kijikaratasi, kama wafanyavyo akina mama wa mchezo wa kuchangiana pesa kujua nani apokee kwanza.

Wengi duniani humaliza sare hivyo hivyo. Uingereza, sheria inamtaka msimamizi aamue kwa bahati papo hapo. Mwaka 2017 kule South Blyth, Northumberland, kiti cha udiwani kiliamuliwa kwa kuvuta vijiti. Jimbo la Nevada, Marekani, wao huchota karata.

Kisa nisichochoka kukisimulia ni cha kiti kimoja cha bunge la jimbo la Virginia, hukohuko Marekani, mwaka huohuo wa 2017. Hesabu ya kwanza ilimpa David Yancey ushindi wa kura 10. Zilipohesabiwa upya, Shelly Simonds akawa mbele kwa kura moja. Kesho yake majaji wakaletewa karatasi moja iliyokuwa imekataliwa: mpiga kura alijaza viduara vya wote wawili, kisha akachora mstari juu ya cha Simonds. Majaji wakasema huyu alimtaka Yancey. Ikawa 11,608 kila mmoja. Januari 4, 2018 jina likatolewa kwenye bakuli, likawa la Yancey, na chama chake kikabaki na viti 51 dhidi ya 49 katika bunge hilo.

Ndiyo maana makarani wangu nawaambia: mkiona sare, msikimbilie bakuli, rudini kwanza kwenye karatasi zilizokataliwa. Hapa Kenya wakala anaweza kudai kura za kituo zihesabiwe upya, ila si zaidi ya mara mbili.

Urais wetu hauokotwi. Kifungu cha 138 cha Katiba kinasema asipopatikana mshindi, uchaguzi unarudiwa ndani ya siku 30. Na waliolingana kileleni ndio pekee wanaorudi debeni. Bungeni ni rahisi zaidi: Spika hana kura, na hoja ikitoka sare imeanguka.

Kurudia kunasikika kuwa haki kuliko kuokota. Mimi hapo husita, kwa sababu ya majirani zetu wa Unguja na Pemba. Katika uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22, vyama vitatu: Afro-Shirazi 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Hao watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro-Shirazi. 11 kwa 11! Na kiti cha Chake Chake, Afro-Shirazi walikipata kwa kura moja tu. Serikali haikuundika, likaongezwa jimbo la 23 na watu wakarudi vituoni Juni. Safari hiyo ghasia ziliua watu 68.

Tuje Likoni. Tulizikagua kura tatu zilizoharibika: mbili tupu, moja ina alama kwa wote wawili. Hakuna la kuokoa. Kabla ya kugusa kofia niliandika mistari miwili kwenye daftari la kumbukumbu, kwamba jina litakalotoka ndilo, na wagombea wote wawili wakatia sahihi. Nikamwita muuza mahamri aliyekuwa akipita, asiye mwanachama, achote.

Aliyekosa akataka aione na karatasi iliyobaki ndani ya kofia. Wenzake wakamzomea. Mimi nikaikunjua nikamwonyesha. Ilikuwa na jina lake.